Waya wa Breki na Uso wa Bi Tausi

Usinge, Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi Mwajuma,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Itetemia goti limetulia, na sauti ya kunigombeza iko palepale. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Mwanaidi kapona homa. Mimi nimepungua tumbo kidogo, jambo ambalo hutaliamini mpaka ulione. Mvua zimeanza na shamba la kijiji tumelipalilia wote, wenzangu kwa jembe, mimi zaidi kwa maneno.

Unauliza narudi lini. Dada, nilikuja kwa wiki mbili tu kuwapiga wanakijiji picha za kadi, na huu ni mwaka wa tatu. Watu wamehamia hapa kutoka pande zote za msitu, na aliyehama hupenda picha. Basi nipo.

Nikupe habari ya jirani yetu Bi Tausi. Ni mjane, kanizidi umri kidogo na ulimi sana. Bintiye Zainabu ameolewa na karani aliyehamishiwa Tanga, na safari ilikuwa Alhamisi kwa treni. Wiki moja kabla, binti akanijia.

"Bwana Ramadhani, nataka picha ya mama niende nayo. Sijui nitarudi lini."

Nikamwambia hilo jambo dogo. Akatikisa kichwa. Marehemu baba yake alimwachia mama sharti, kwamba asipigwe picha na mwanamume asiye maharimu wake. Nikaenda mwenyewe kubembeleza.

"Bi Tausi, mzee ameshatangulia, Mungu amrehemu."

"Ndiyo maana," akasema. "Angekuwa hai ningemwomba ruhusa. Sasa nikimkuta huko nitamwambia nini? Kwamba Ramadhani wa kamera alinibembeleza?"

Nilipoinuka akaniambia, taratibu, kwamba babu yake alikuwa mpagazi, aliyepita njia hii hii ya reli kabla haijawa reli, pembe begani, mpaka pwani na kurudi. Mama yake alikuwa akimwambia kila siku, umechukua uso wa babu yako. "Mimi huo uso sikuuona popote," akasema. "Na huyu binti naye ataulizwa na wanawe."

Dada, nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na unajua hilo si la kawaida kwangu. Nikawaza: mwanamume asimpige. Je, akijipiga mwenyewe?

Kamera yangu ile ya miguu mitatu ina kitufe cha kufyatulia, na kitufe kina tundu la kufungia waya maalumu wa kukifyatua kutoka mbali. Waya huo sikuwahi kuwa nao, na duka la ushirika hata viberiti huja kwa bahati. Nikaigeukia baiskeli. Nikachomoa waya wa breki ya nyuma pamoja na ganda lake. Ncha moja nikafunga kile kikofia cha spoki, nikakichonga kwa tupa siku mbili mpaka kikakubali kuingia kwenye tundu. Ndani nikatia springi ya kalamu ili waya ukisukumwa urudi. Ncha ya pili nikaweka kigurudumu cha mbao cha uzi wa cherehani, kiwe cha kushikia. Mwanaidi akauliza sasa baiskeli itasimama vipi. Nikamwambia itasimama ikichoka.

Waya ulikuwa unakwama kidogo. Grisi hakuna, nikaupaka nta, maana hapa nta ndiyo tuliyojaliwa. Nta yenyewe nilipewa na mrina asali siku hiyo hiyo, na mimi sikuichemsha kutoa asali.

Filamu ilikuwa imebaki nafasi mbili. Jumanne nikatega kamera uani kwa Bi Tausi, nikalenga viti viwili vitupu, nikamwachia Mwanaidi, nikatoka nje ya ua nikaupa mgongo. Bi Tausi na bintiye wakakaa, mama kashika kile kigurudumu chini ya khanga.

"Bonyeza polepole, kisha achia," nikasema kwa nje.

"Nimeachia," akajibu. "Chenyewe hakijaachia."

Usiku kucha sisimizi walikuwa wameingia ndani ya ganda kufuata asali. Waya ulikwenda, haukurudi, jicho la kamera likabaki wazi. Nafasi ya kwanza ikaungua. Bi Tausi hakunitukana, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema tu, "Labda mzee amekataa."

Nikashinda naosha waya kwa mafuta ya taa. Jumatano tukarudia. Nikiwa nje nikasikia mlio mdogo kama wa mtu kugonga ulimi kaakaani, kisha wanawake watatu wakicheka. Nikamshukuru Mungu. Kumbe mapema.

"Ramadhani," Bi Tausi akaita juu ya ua. "Na kuisafisha hiyo filamu, ataisafisha nani?"

Dada, sikuwa nimelifikiria. Mpiga picha wa miaka yote hii nilisahau kwamba uso hauishii kwenye kamera.

Basi mchana huo huo Mwanaidi, ambaye hajawahi kugusa dawa zangu, akajifungia stoo, blanketi dirishani, nami nimekaa nje mlangoni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Saa haionekani gizani, kwa hiyo tukapima kwa alichokijua. Chuoni, kwenye Kurani, alisoma vizuri kuliko mimi.

"Dawa ya kwanza, soma sura ya Tabaraka yote, usikimbie," nikamwambia.

"Wewe ndiye unayekimbia, kila mwezi wa Ramadhani."

Nikamsikia akisoma, na maji yakicheza kwenye beseni. Nilitamani mara kumi kufungua mlango ule. Ningefungua, filamu ingeungua, na Bi Tausi asingekuwa na la kumjibu mumewe. Nikakalia mikono yangu.

Filamu ilipokauka akaichapa mwenyewe kwenye karatasi ya picha, nami nikimwelekeza kwa nje, na jioni picha ilikuwa imekauka ndani ya karatasi ya kaki. Alhamisi stesheni Zainabu alitaka kunionyesha. Nikamwangalia mama yake, nikamwambia binti shika vizuri usiikunje. Treni ikaondoka nayo.

Njiani kurudi nikamuuliza Mwanaidi imetokaje.

"Imetoka vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Kama mtu anayeangalia anayekwenda mbali, lakini anacheka."

Sasa wanawake wengine wanakuja, na wanamuulizia yeye, si mimi. Mimi natega kamera na kubeba viti.

Nisalimie shemeji fundi seremala, mwambie bado nakumbuka kicheko chake nilipofeli kutengeneza stuli. Msalimie mama mdogo, na binamu Hamisi anayeuza nguo sokoni. Watoto wote wapate mabusu yao kwa hesabu iliyo sawa, wasigombane.

Picha bora kuliko zote zilizotoka kwenye kamera yangu iko Tanga, dada, na mimi sijaiona.

Mdogo wako akupendaye,
Ramadhani