Irabu Kumi na Mbili za Dil Maya

Jumanne, 14 Januari

Darasa la wazee tena. Mkawasi ameniacha mlangoni saa tatu na nusu, akakimbilia kazini hospitalini. Bado sijamsamehe. Mimi, niliyefundisha darasa la kwanza kule Wundanyi miaka thelathini na minne, nimeandikishwa na binti yangu wa kuzaa katika darasa la Kiingereza, ukumbi wa kanisa, Carrollton, Texas. Eti nipate watu wa kukaa nao. Leo tumefundishwa siku za juma. Nikazirudia kwa adabu.

Jirani yangu wa mezani ni mama wa Kinepali. Dil Maya. Miaka sabini na moja, pete ya dhahabu puani, daima na uzi wa kufuma mfukoni. Kitabu chake kilikuwa kimegeuzwa juu chini, na bado alikuwa akifungua kurasa pamoja na wenzake. Kijana anayetufundisha kwa kujitolea hajaona kitu. Mimi niliona kabla sijakaa.

Alhamisi, 16 Januari

Nimezungumza na Sarita, mjukuu anayemleta. Binti wa miaka ishirini na minne, anafanya kazi ghalani Garland na jioni anasomea uuguzi. Bibi yake hajawahi kukanyaga shule. Alilima iliki Bhutan mpaka watu wao wenye asili ya Nepal wakafukuzwa, akakaa kambini Nepal miaka kumi na minane, ndipo akaletwa Texas. Sarita alijaribu kumfundisha nyumbani, bibi akaona haya mbele ya mjukuu. Sasa anakuja hapa na kugeuza kurasa. Lakini amemwambia Sarita jambo moja: kabla hajafa anataka kusoma kitu bila mtu kumsomea.

Nimemwambia Sarita ukweli. Hakuna mtu anayejifunza kusoma kwa mara ya kwanza katika lugha asiyoisema. Mtoto wa Taita huanza na Kitaita. Bibi aanze na Kinepali.

Akaniambia, "But Teacher, you don't know Nepali."

Nikamjibu kwamba Kinepali nitakijua.

Jumapili, 19 Januari

Sarita amenitumia karatasi ya irabu na sauti yake akizitamka. Nimeibandika kwenye friji. Nilidhani Jumapili moja itanitosha. Kiswahili kina irabu tano na zimenilisha maisha yangu yote. Hawa wana kumi na mbili kwenye safu, na bado kuna alama ya mwezi na nukta inayowekwa juu ya herufi ili sauti ipite puani.

Kuna a mbili. अ ni fupi, inakaa kati ya a na o, mdomo haujui uelekee wapi. आ ni ndefu na wazi, kama yetu. Nimezitamka mara mia. Neema, mjukuu wangu wa miaka sita, alikuwa akila nafaka yake mezani. Akasema, "Nyanya, you're saying the same one."

Anasema kweli, sauti ni ileile. Nimeudhika.

Jumanne, 21 Januari

Kijana mwalimu ametupatia meza ya nyuma, karibu na jiko la ukumbi. Nadhani amefurahi kuniondoa mbele.

Dil Maya anashika penseli kama mundu. Nilikuja na sinia na unga wa ugali, achore kwa kidole kama wanangu wa darasa la kwanza. Akalivuta sinia, akaukusanya unga wote kwenye mfuko, akanirudishia. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Chakula si cha kuchorea. Nikajiona mtoto.

Kisha akatoa uzi wake mwekundu. Akatazama karatasi yangu, akaulaza uzi mezani, akaukunja huku na huku kwa ncha za vidole. Ikatokea अ, nzuri kuliko yangu, na mstari wake wa juu umenyooka. Herufi zao huning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, na zetu hukaa juu yake.

Miaka thelathini na minne sikuwahi kufikiria uzi.

Jumamosi, 25 Januari

Irabu saba. Zangu na zake. Mimi ninajua umbo, yeye anajua sauti. Ninaweka kidole kwenye herufi, ninakosea, yeye anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anaitamka sawasawa, na kwa kuitamka anakuwa ameisoma. Sijui kama kuna kitabu cha ualimu kinachosema hivyo. Ninajivunia na sioni aibu kujivunia.

Mwadime, mwanangu, amepiga simu kutoka Houston. Mkewe anakaribia kujifungua. Wanataka niwe kwao Alief tarehe nane Machi. Nimefurahi kwa ajili ya mtoto. Kisha nikahesabu majuma. Sita.

Alhamisi, 30 Januari

Leo Sarita ameleta karatasi nyingine. Wanaiita barakhari. Herufi moja, inabebeshwa irabu zote moja baada ya nyingine: ka, kaa, ki, kii, ku, kuu, na kuendelea. Nilicheka peke yangu. Hii ni ba be bi bo bu! Niliiandika ubaoni kila Januari, watoto wakaiimba mpaka wapita njia wakaikariri. Watu wa milima mingine, ng'ambo ya dunia, nao waliona njia ileile. Nikampigia mdundo mezani. Dil Maya akaanza kuimba wimbo wa kwao. Wazee wa Kikongo waliokaa mbele wakageuka, mmoja akaanza kupiga makofi. Kijana mwalimu akaja kuuliza kama kila kitu kiko sawa.

Jumanne, 4 Februari

Amesoma neno. Aama. Mama. Aliunganisha herufi mbili kwa kidole, midomo ikijongea, akasema neno. Akalisema tena. Kisha akaweka kiganja juu ya karatasi, akakaa hivyo. Nilijifanya natafuta miwani.

Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakumwona huyu.

Alhamisi, 6 Februari

Siku mbaya. Naiandika ilivyo.

Tulikuwa kwenye i fupi. Alama yake huandikwa kabla ya herufi na husomwa baada yake. Jambo la ajabu, lakini ndivyo lilivyo, na jina lake mwenyewe linaanza nayo. Akaiweka nyuma. Nikamwonyesha. Akaiweka nyuma. Mara ya tano, ya sita. Mimi nikiwaza tarehe nane Machi. Mkono wangu ukachukua rula, ukampiga vidole.

Si kwa nguvu. Lakini nilimpiga. Mwanamke aliyenizidi umri, aliyezika mume, mbele ya ukumbi mzima. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea kwenda Wundanyi, na kule hakuna aliyeuliza.

Akaufungafunga uzi wake, akautia mfukoni, akakunja mikono. Alikaa hivyo mpaka Sarita alipokuja.

Jumanne, 11 Februari

Hakuja.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuja. Nimemwandikia Sarita. Amejibu kwamba bibi amechoka: Grandma is tired. Maneno matatu tu, na yeye ni msichana wa kuandika mengi.

Mkawasi amenikuta jikoni nikitazama friji. Nikamweleza. Akasema, "Mama, ulikuwa unatupiga hivyo sisi pia." Hakusema kwa ubaya. Akaenda kubadilisha nguo za kazi. Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa kumi na moja. Nilizoea kujisifu kwamba hakuna mtoto aliyetoka darasani mwangu bila kusoma. Sikuwahi kuuliza walitoka na nini kingine.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada nikamwambia Mkawasi anipeleke kwa kina Dil Maya, Garland. Ghorofa ya pili, viatu kumi na viwili nje ya mlango. Neema alikuwa amenitafutia kwenye simu neno la Kinepali la kuomba radhi, nikalikariri njia nzima. Mlango ulipofunguliwa likapotea. Nikainama tu, nikagusa miguu ya Dil Maya, kama nilivyomwona Sarita akifanya. Magoti yangu yalilia.

Akanishika mabega, akaniinua, akanikalisha. Chai ikaja, ya maziwa na iliki. Nilipomaliza, akanisukumia daftari langu nililokuja nalo, na penseli. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa wali.

Akaweka kidole kwenye अ. Nikatamka. Akanigonga vidole kwa mwiko. Nikatamka tena. Akanigonga. Sarita akafunika mdomo. Mkawasi, binti yangu mwenyewe, alicheka mpaka machozi. Mara ya nne nikaipata, ile sauti inayokaa kati ya a na o, ikatoka yenyewe, kwa woga wa mwiko. Dil Maya akauweka chini, akatikisa kichwa upande kwa upande, ndivyo wanavyokubali.

Kesho kutwa atakuja. Nimeitupa rula.

Jumanne, 25 Februari

Barakhari nzima ya ka. Nusu ya ga. Anasoma maneno mafupi ya Kinepali: maji, nyumba, kazi. Anasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini anavuka.

Mkawasi aliniuliza jana kama nimechoka. Sijawahi kuchoka vizuri namna hii tangu nistaafu. Hapa Amerika mimi ni Nyanya wa kuchemsha maziwa na kusubiri basi la shule. Kwenye meza ya nyuma mimi ni mimi. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa.

Jina lake bado. Kila akifika kwenye ile i mkono unasita. Najua ni rula yangu inayosita ndani ya mkono ule.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la mwisho. Kijana mwalimu alisikia naondoka. Akasema, kwa wema wake, kila mtu aje ubaoni aandike jina lake, kwa lugha yoyote. Nilitaka kumkataza. Nikachelewa.

Mama wa Kikongo akaandika lake. Mzee wa Kiburma akaandika. Dil Maya akasimama, akajitanda shali, akaenda. Akachora mstari wa juu, mrefu, umenyooka. Akachora herufi ya kwanza. Mkono ukasimama hewani. Akasimama hivyo muda mrefu. Kisha akarudisha kalamu, akarudi kukaa.

Wakampigia makofi. Makofi ya huruma nayachukia, yanamwambia mtu kwamba hamkutegemea zaidi.

Nikamkumbatia, nikampa daftari langu, penseli mbili na anwani ya Mwadime. Alinitazama machoni. Hakulia wala mimi sikulia mbele yake. Nililia kwenye gari. Ni mara yangu ya kwanza kuacha darasa katikati. Nimeshindwa, na kosa ninalijua.

Jumamosi, 8 Machi

Houston. Mwendo wa saa nne na nusu barabarani, Mwadime akiendesha na kunisimulia habari za kitanda cha mtoto. Alief kuna duka la Waafrika kila kona, hata unga wetu upo. Chumba changu ni kizuri. Nimebandika karatasi ya irabu ukutani. Mwadime ameuliza ni ya nini. Nikamwambia ni mapambo.

Jumatano, 26 Machi

Mtoto ana siku tisa. Wa kike. Mkwe wangu amelala, Mwadime yuko kazini. Nimesikia gari la posta, nikatoka na mtoto begani.

Bahasha moja ni yangu. Anwani imeandikwa na Sarita, mwandiko wa haraka. Ndani kuna ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari langu. Penseli. Mistari sita, na kila mmoja umening'inia kwenye kamba yake.

Nimekaa kitini karibu na dirisha, nikausoma kwa sauti. Polepole, kidole chini ya kila herufi. A zote mbili nimezipata. Mwezi na nukta mara mbili, nikapitisha puani. Mtoto alinitazama muda wote. Nimefika mwisho. Nimesoma barua nzima na sikuielewa. Nimetambua mama, maji na Houston. Mengine ni sauti tu, lakini ni sauti yake, naijua.

Chini kabisa ni jina lake. Ametia alama mbele, ikafuata herufi, sawasawa. Ameifuta na kuiandika tena, karatasi imechakaa pale. Hakuna aliyemshika mkono. Angeshikwa mkono mwandiko ungekuwa mzuri zaidi.

Mwadime alipopiga simu adhuhuri akasema nielekeze kamera ya simu kwenye barua, itanitafsiria. Nikakataa. Jioni nitampigia Dil Maya, anisomee mwenyewe, na Sarita aniambie maana.

Kuna kosa moja, mstari wa nne, kwenye neno Houston, irabu ndefu mahali pa fupi. Nimelizungushia duara dogo kwa kalamu. Nikaandika juu, tisa juu ya kumi, na alama mbili za vema. Mtoto amelala mapajani. Sijamwondoa. Nimeisoma mara ya tatu, kwa kunong'ona.