Nilipompisha Bi Somoe

Jumatatu usiku

Mimi nina bahati bwana. Jumamosi madaktari wa kujitolea walinipima sukari kule kijijini kwetu, bure, wakanikuta mzima kama chuma. Leo Kariakoo nzima wameipata habari hiyo.

Madaktari wenyewe niliwapeleka mimi, pamoja na mabelo mawili ya mitumba kutoka dukani kwangu, watu wakanipigia vigelegele kama mbunge. Kwenye foleni ya vipimo nikawa nawatania wanaoogopa sindano. Nyuma yangu alikuwepo Bi Somoe, jirani wa marehemu mama, anachechemea.

"Shikamoo bibi. Pita mbele."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mungu akuzidishie."

Wakamkuta na sukari ya kutisha, na kidonda mguuni kimeshaoza. Tukarudi naye mjini kwenye gari letu. Leo jioni nimemwona wodini. Kesho wanamkata mguu.

"Kiatu kitakachobaki nipe nikakuuzie," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa mjini hufai. Na wewe walikwambiaje?"

"Mzima, bibi."

"Alhamdulillahi. Angalau mmoja wetu."

Nimerudi nyumbani, chakula nimekiacha mezani.

Mke wangu ameniuliza tena kwa nini nalala na soksi kwenye joto hili. Nimemwambia mbu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakisikii kitu tangu Ramadhani, na kidonda chake hakifungi.

Sikupimwa. Nilipompisha Bi Somoe nilitoka kwenye foleni, nikaenda kugawa nguo. Niliogopa.