Beki Aliyeitwa kwa Jina la Mdogo Wake

Kwa Fundi Bazilio,
S.L.P. 17,
Kibondo.
15 Novemba 2015

Mpendwa dada Kezia,

Kwa heshima zote, na kwa niaba ya ukoo mzima, nasikitika kukutangazia kwamba redio ya mama yako, ile ya betri nne niliyoifunga antena ya waya wa breki za baiskeli, imenyamaza rasmi tangu tarehe tatu mwezi huu. Msiba huu hauna michango, wala usikate tiketi ya basi.

Sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Mwakeye, dada. U mzima huko Newala? Shemeji na kifua chake wanaendeleaje? Watoto wameshazoea korosho? Sisi huku hatujambo. Mvua zimeshika, maharage yameota vizuri, na mabasi ya wageni kutoka Burundi yanapita Mabamba karibu kila siku kwenda kambi ya Nduta. Shangazi, huyo mama yako, akiyasikia anatoka, anasimama kando ya barabara mpaka la mwisho lipite. Yeye mwenyewe alikuja hivyo hivyo zamani, ila kwa miguu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili ni refu, na simu ukiongea kwa sauti wateja wangu wote wanakuwa ndugu.

Ni kuhusu mdogo wako Melkiadi. Amerudi tangu Juni, na goti bovu la kulia, na begi moja la jezi. Timu imemwacha. Ninyi huko hamfuatilii mpira sana, kwa hiyo nikusimulie yeye alikuwa nani hapa. Misimu saba alicheza beki wa kati ligi kuu, jezi namba tano. Watangazaji walisema ana macho kisogoni. Mshambuliaji akinyemelea nyuma yake, Melki anageuka kabla, anaondoa mpira, anarudi mahali pake kama mtu aliyetoka kufunga zizi. Kila Jumamosi pale kibandani kwangu nilikuwa na redio sita za wateja, zote zimepona lakini sizitoi mpaka mechi iishe. Zote zinapiga kelele pamoja: "Leonidasi anaokoa! Leonidasi tena!"

Hapo ndipo penye donda letu, dada, na wewe unalijua.

Unakumbuka 2007, majaribio ya vijana pale Kasulu. Walitaka waliozaliwa 1988 kuja huku. Melki ni wa 1986, ukoo mzima unajua, ndiye aliyezaliwa wiki daraja liliposombwa. Cheti chake cha darasa la saba hakuwahi hata kukichukua. Siku ya kugawa vyeti alikuwa Kasulu kwenye bonanza, akashinda mbuzi wakagawana kumi na mmoja. Tukaona hakina maana, kitasema umri tu. Wote wawili walichelewa shule, na marehemu mwalimu Nurudini alikuwa akiwaandikisha waliochelewa bila maswali mengi, lakini nani angebahatisha? Cheti cha mdogo wake Leonidasi kilikuwepo sandukuni, 1988, safi. Mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa tatu kwa malaria. Mimi ndiye niliyekitoa sandukuni. Wewe ndiye uliyesema marehemu hatakihitaji. Shangazi alitazama ukutani, sisi tukasema amekubali.

Tangu hapo Melki akawa Leoni. Kwa klabu, kwa benki, kwa mashabiki, kwa mchumba. Na Shangazi akawa kila Jumamosi anaweka redio kwenye kigoda, mtangazaji akimtaja Leonidasi, yeye anaitika, "Eee, mwanangu." Mimi niliona ni mapenzi ya mpira.

Sasa sikia aliyonieleza Melki mwenyewe, ameketi kwenye benchi langu ananishikia bisibisi. Unakumbuka timu yetu ya kijiji: Melki beki, na nyuma yake golini Leonidasi, yule mtoto mwenye sauti kama filimbi iliyopasuka. "Melki, kushoto! Melki, mtu!" Basi ndugu yako anasema ile sauti haikumwacha. Mechi ya kwanza tu Dar es Salaam, uwanja umejaa, akaisikia nyuma yake: "Melki, kushoto!" Akageuka kushoto, mtu yupo.

"Misimu saba, Bazi," akasema. "Yale macho ya kisogoni yalikuwa yake. Mimi nilikuwa miguu tu."

"Labda ni kipa wenu," nikamwambia.

"Kipa wetu ananiita Leoni. Wote wananiita Leoni. Uwanja mzima ule nani ananijua mimi Melki?"

Nilikuwa na redio ya mtu mkononi, nikaipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Mechi ya Aprili ndiyo iliyomaliza kazi. Dakika za mwisho, mpira wa juu, mwepesi, unamfuata kichwani. Ikaja sauti: "Yangu, Melki!" Wewe labda hujui, kipa akisema yangu, beki anaacha. Ndiyo sheria yao, hakuna kuuliza. Melki akainamisha kichwa, mpira ukapita. Kipa alikuwa bado amesimama kwenye mstari wake, hajafungua hata mdomo. Goli. Redio zangu sita zikasema kwa pamoja: "Leonidasi ameuacha! Ameuacha kama aliyeagizwa!"

Kesho yake ilikuwa imeshaamuliwa nchi nzima: Leonidasi kauza mechi. Kocha alimwita, akamuuliza mara tatu. "Ningemwambia nini?" Melki ananiuliza mimi. "Kwamba kipa wangu amezikwa Mabamba?"

Hapa Kibondo vijana wa bodaboda hawana huruma. Juzi sokoni nyanya zilimponyoka, akainama kuokota, wakaanza: "Iache, Leoni! Iache kama siku ile!" Akaziacha kweli. Akaja kwangu mikono mitupu.

Lakini aliyeumia zaidi ni Shangazi. Alinijia kibandani, hakutaka kiti. "Bazilio, mtoto wangu alikufa hajaiba hata ndizi ya jirani. Leo barabarani anaitwa mla rushwa. Mlimwazima kaka yake jina mkasema atalirudisha. Mwambie alirudishe. Mimi nataka Leonidasi wangu alale."

Halafu ikaja misa ya marehemu wote, tarehe mbili. Katekista wetu Twalibu (ndiyo, jina lake ni hilo, baba yake ana duka Kasulu na anaswali, yeye alifuata mke) ni mgeni, ana mwaka mmoja hapa. Aliambiwa mama Kezia alifiwa na mtoto wa kiume. Naye katika maisha yake amemsikia mtoto mmoja tu wa mama Kezia akicheza redioni. Akapiga hesabu yake, kwamba Leonidasi yuko hai basi aliyekufa ni yule mwingine, akaandika orodha, akasoma kwa sauti nzuri sana: "Marehemu Melkiadi Manirambona."

Melki alikuwa benchi la tatu, kando ya mama yake. Kanisa zima likaitika, apumzike kwa amani. Na yeye, dada, akaitika. Nilikuwa nyuma yake, nilimsikia. Si kwa utani. Aliitika kama mtu aliyechoka anayekubali kukaa.

Kesho yake asubuhi Shangazi akatoa zile betri nne, akazifunga kwenye kitambaa, akaniletea. "Wote wawili sasa," akasema.

Basi tukaamua. Melki ataandika barua kwa wakubwa wa mpira, aseme ukweli wote: kwamba aliyeacha ule mpira ni yeye, na mwenye jina hana kosa. Wakimfungia maisha, goti limeshamfungia tangu zamani. Ila anahitaji karatasi ya kuonyesha yeye ni nani. Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda shuleni kwa baiskeli. Mwalimu Adija akafungua kabati, akatoa furushi lenye mchwa.

"Miaka kumi na mitatu! Mwenyewe yuko hai kweli?"

"Yuko hai," nikasema, "ingawa kanisani kuna mjadala."

Hakucheka. Akanipa cheti kwenye bahasha. Melki hajakiona. Nataka wewe ndiye unishauri namna ya kumwonyesha, maana tulikuwa wote siku ile ya sanduku.

Nisalimie shemeji, na Yasmini jirani yako aliyetutumia korosho, na wanao mmoja mmoja kwa majina yao wenyewe. Shangazi anakusalimu, Melki anakusalimu. Mungu akulinde mbele, na nyuma pia.

Ni mimi nduguyo nikupendaye bila kupungua,
Bazilio

N.B. Bahasha nimeifungua. Limeandikwa jina lake, Melkiadi Manirambona, na chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu Nurudini: amezaliwa 1989. Na Kasulu walitaka 1988 kuja huku, dada.