Pale Mama Yako Alipofika Ubaoni

Mjukuu wangu Ilunga,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: nataka kusoma fizikia kama mama yako, na ninaogopa. Hapa Manika tuko wazima, mdogo wako ameota meno. Usicheke nikikuita mjukuu. Nilipewa jina la bibi wa mama yako, ndiyo maana wote mnaniita Nkambo, yaani bibi, ingawa nimemaliza sekondari juzi tu.

Umeniuliza, ukiwa huko Musumba, mama yako anawezaje kufundisha, kufanya utafiti na kuongoza idara. Mwaka jana nilimpelekea chakula chuoni, nikamkuta akieleza jinsi chembe ndogo kuliko atomu zinavyogongana. Katibu akachungulia. "Mama Chef, bantu ba umeme bamefika." Yeye ndiye mkuu wa idara, basi akatoka kuwasikiliza hao watu wa umeme. Huko nje simu ikaita, watafiti wenzake wa Ulaya wakitaka hesabu zake. Aliporudi ubaoni aliinua chaki, akapitia mistari juu hadi chini, akaishusha tena.

"Mama Prof, kale kachembe kamekukimbia?" mwanafunzi mmoja akamtania.

Wakacheka. Naye akacheka, akanitazama kule nyuma. "Nkambo, nilifika wapi?"

Nilimwonyesha mstari kwa kidole tu. "Aksanti," akasema, akaendelea.

Sikujua kwamba mkubwa kama yeye anaweza kuuliza hivyo mbele ya watu. Hofu haijaniisha, lakini Jumatatu nitakwenda chuoni kujiandikisha. Tafadhali usimwambie mama yako. Akijua atanisindikiza hadi ofisini, nami nataka niulize njia mwenyewe.

Nkambo yako