Aliyemshika Paka Asubuhi

Mjukuu wangu,

Sukari ya paka imeshuka. Nimemlisha, usimdunge insulini kabla ya kumpima tena. Pasha sikio lake kwa kitambaa cha moto, toboa pembeni, tone moja la damu latosha. Nimekwenda duka la dawa, nitarudi usiku; vijiti vya kupimia vimebaki viwili.

~~Asante kwa kunishikia paka.~~

Nilikuwa nimeinamia sikio, miwani puani, nikasema kwa mazoea, kana kwamba upo, "Mkaze, mama, anarusha mateke!" Taulo nililomzungushia likakazwa, akatulia tuli. Nikadhani umerudi kutoka zamu. Kuinua kichwa, hakuna mtu. Taulo limefungwa fundo nyuma ya shingo, kama marehemu babu yako alivyokuwa akimfunga.

Jioni utampima peke yako. Akitulia ghafla, usigeuke. Toboa tu, useme asante.

Bibi yako