Sayari ya Mishi na Bustani za Baba

Muskati, Jumanne mchana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Amani iwe juu yako na juu ya wote walio hapo nyumbani Likoni. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah, ila roho haijatulia, na sababu ni wewe. Umeamkaje? Miguu imepunguza kuvimba? Zile dawa za presha unazimeza baada ya kula, au unazisukuma na chai tupu kama kawaida yako mtu asipokutazama?

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako imezimwa tangu wiki iliyopita. Nikipiga, yule mwanamke wa mtandao ananiambia hupatikani, mpaka nimeanza kumchukia kama mtu ninayemjua. Nikampigia dadako, Shangazi Mwanakombo, kwa kuwa mmepakana ua kwa ua. Akaniambia, "Babako yupo, si mgonjwa. Lakini hasemi, mwanangu. Uji nampelekea, nusu anaurudisha. Wapita njia wakimwamkia anaitika kwa kichwa." Hali hiyo naijua, Baba. Ndivyo ulivyokuwa Mama alipofariki. Mwaka mzima ulikaa hapo kibarazani kama mgeni anayengoja kuambiwa aondoke, na mimi niko huku ng'ambo sina la kufanya ila kulia chooni ili msimamizi asinione.

Barua hii ameibeba Riziki, mwenzangu hapa kwenye chumba cha dobi cha hoteli. Kwao ni Mikindani na amepata likizo. Nimemwapisha asimwachie mtu, akuwekee mkononi mwako mwenyewe, na asiondoke mpaka aone umeisoma. Kwa hiyo mpe chai, na umwambie akae kivulini, maana ana maneno mengi na jua la huko litamzidi. Kuna na halua kidogo. Ile ya lozi ni yako, ya kawaida ni ya Shangazi, usimbadilishie.

Riziki aliponiuliza kuna nini hata nikaandika barua ndefu hivi, nikamwambia ni habari ya sayari. Alicheka mpaka akakalia kapu la mashuka. Ikabidi nimweleze tangu mwanzo. Nikamwambia baba yangu alinyamaza baada ya msiba, nikamtumia simu nzuri, nikamfundisha mchezo mmoja wa anga ambao watu wanatafuta sayari, wanazijenga na kuweka watu wao wakae. Nilitaka tu tuwe na kitu cha kuulizana, kwa sababu kila nikipiga simu ulikuwa unasema "salama" halafu tunabaki tunasikilizana pumzi. Sikutegemea utaupenda. Lakini baada ya siku chache ukaanza kunitumia sauti, umeishika simu mbali na unapiga kelele kana kwamba niko ng'ambo ya mkondo wa feri: "We Mwanahamisi! Chombo changu kimeishiwa mafuta, nisaidie!" Hapa wenzangu wote wanaijua sauti yako.

Nikamweleza pia jinsi tulivyoipata ile sayari. Wachezaji wengine wanapita kwa mabavu katika eneo la mtu, na mchezo unaruhusu. Wewe ulikataa. Ulisema huwezi kupita mbele ya nyumba ya mtu bila hodi. Ukawa unaandika salamu kwa kila jirani wa angani, na yule asiyejibu ukamzunguka, safari ya siku moja ikawa ya wiki. Nilikusimanga sana. Kumbe katika kuzunguka huko ndipo chombo chako kikaangukia mahali ambapo hapakuwa na mtu yeyote: maji tele, udongo mweusi, madini ya kila aina, hewa inayovutika. Kuna watu wanacheza miaka na miaka hawajaiona sayari ya namna ile. Nilipiga yowe kwenye chumba cha kupigia pasi. Na wewe hukunishauri wala kuniuliza, ukaipa jina la Mama. Mishi. Nilipoliona lile jina limeandikwa juu ya kitu kizuri hivyo, nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Tangu hapo wasiwasi ukaniingia. Kitu kizuri kina macho mengi. Kila wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nakula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, natazama kama kuna mtu ameisogelea. Nilikwambia, Baba, jenga migodi, jenga ngome, jenga bandari, kila mwezi wa mchezo ukiisha yanahesabiwa majengo na mwenye mengi ndiye mwenye bendera. Wewe ukawa unapanda bustani. Bustani huku, bustani kule, sayari nzima ikageuka kijani. Ukanijibu, "Watu watakula madini? Kwanza kivuli na chakula, majengo yatakuja." Nikasema sawa, nikajenga mimi vijumba vitatu kwa niaba yako, nikajiona nimemaliza.

Halafu akaja yule anayejiita Pembe Nyeusi. Hatujui ni wa nchi gani. Mchezo unatafsiri maneno yake kwa Kiswahili cha ajabu. Alikuandikia, "Mzee wa majani, mimi sina mahali. Naomba kona ya kujenga." Mtu yeyote mwingine angekataa, au angemfukuza kwa mizinga. Wewe ukampa ufuo mzima wa mashariki! Nilipokuuliza ukashangaa hata kwa nini nauliza. "Mwanangu, nyumba yake, ardhi yetu. Kwani hapa Likoni watu wanaishi vipi? Nusu ya mtaa huu ni nyumba za watu juu ya ardhi za watu, na hakuna anayemsahau mwenzake. Atatupa maji kidogo kila siku ya soko, iwe kodi ya ardhi, basi."

Na mimi nikakubali, kwa sababu ndivyo nilivyokulia. Nyumba ya Shangazi yenyewe iko juu ya ardhi isiyokuwa yake, na sijawahi kusikia mtu akisema si nyumba yake. Wallahi sikuona ubaya. Nani angetuambia kwamba mchezo haujui taratibu za kwetu? Mchezo unajua kuhesabu kuta tu. Pembe Nyeusi akajenga, akajenga, akaleta watu wake maelfu, na mwezi ulipoisha mchezo ukahesabu, bendera yetu ikashushwa. Jina la Mama likafutwa juu ya sayari, likawekwa la kwake.

Sauti yako ya mwisho ninayo. Hukupiga kelele safari hii. Ulisema, "Nimeipoteza sayari ya mamako. Nisamehe." Kisha ukazima simu.

Baba, sitakudanganya, niliumia. Nilimtukana yule mtu kwa maneno ambayo hukunifundisha, na Riziki ni shahidi. Mashuka ya siku ile niliyakunja vibaya nikarudishiwa yote. Lakini kilichoniumiza zaidi ni wewe kuniomba msamaha. Unaniomba msamaha kwa lipi? Sayari sikuipenda kwa ajili ya madini. Niliipenda kwa sababu ilikufanya uniite kwa jina kila siku asubuhi.

Sasa nisikilize kwa makini, hili ndilo lililonifanya nimsimamishe Riziki na masanduku yake mlangoni.

Juzi nilifungua mchezo, si kwa kucheza, kwa kukutafuta tu, labda nione umeingia. Nikakuta ghala letu limejaa. Nikadhani nimeona vibaya. Nikafungua kutazama mazao yametoka wapi, nikakuta pameandikwa: bustani za Mishi. Nikarudi kwenye sayari. Bendera ni yake, jina la juu ni lake, migodi ni yake. Lakini bustani, Baba, zote, moja moja, bado zina jina lako, na kila moja jina la Mama liko chini yake. Mchezo hauhesabu bustani kuwa jengo. Haukuzihesabu wewe uliposhindwa, wala haukuzihesabu ulipomkabidhi yeye sayari. Zimebaki za aliyezipanda.

Nilikaa chini palepale sakafuni, penye maji ya sabuni. Nikaikumbuka ile minazi ya Babu iliyo ndani ya ua wa Mzee Salim. Nilikuwa mdogo, unanishika mkono, unasimama nje unabisha hodi, Mzee Salim anasema "Karibuni, minazi yenu inawangoja." Ardhi yake, minazi yetu. Ulikwea, mimi nikaokota, na hakuna siku hata moja mliyogombana. Nilidhani dunia nzima iko hivyo. Nimekuja kujua huku kwamba sivyo, lakini ule mchezo, kwa bahati tu, uko hivyo.

Na Pembe Nyeusi amejua. Ameandika, na nimeuona ujumbe kwa sababu mimi na wewe tuko chama kimoja: "Mzee wa majani, watu wangu wanakula chakula chako na kuvuta hewa yako. Mimi sikujua. Uko wapi? Nataka kusema na wewe. Nifundishe desturi yako." Nimeusoma mara nyingi kutafuta hila ndani yake. Labda ipo. Mimi simwamini, nakwambia wazi. Lakini mimi siwezi kumjibu. Bustani ziko kwa jina lako, na mchezo unamruhusu mwenye bustani peke yake kujibu.

Kuna kanuni moja inayoninyima raha. Mwenye bustani asipoonekana mpaka mwezi wa mchezo uishe, bustani zinakauka. Zikikauka, jina la Mama linaondoka kabisa, na wale maelfu ya watu wa Pembe Nyeusi, ambao kwa wingi wao hewa ya sayari peke yake haiwatoshi, wanakosa pumzi. Najua ni watu wa kwenye simu, Baba, usinicheke. Lakini kila nikifungua nazikuta bado za kijani, nashukuru, halafu naanza kuogopa upya. Riziki asipocheleweshwa uwanja wa ndege, asipopitia kwanza kwa wajomba zake wote, atakufikia muda ungalipo. Namjua lakini. Ndiyo maana naogopa.

Na hofu yangu nyingine unaijua. Sayari ikauke, itekwe, iende zake. Usinyamaze tena, Baba. Ule mwaka wa kwanza niliuvumilia kwa sababu nilidhani hutawahi kurudi na nimeshakukosa. Sasa nimekuzoea tena. Safari hii sitaweza.

Nisalimie Shangazi Mwanakombo, umwambie uji wake nausikia harufu mpaka huku na asiache kuuleta hata ukinung'unika. Msalimie Mzee Salim, mwenye ua wa minazi yetu, na umsomee kile kipande kinachomhusu, atafurahi. Msalimie kaka yangu Hamisi akirudi kutoka kazini Changamwe, na umwambie simu ya babake ikizimika ni juu yake kuja kutazama, si kungoja mpaka nipige kelele toka nchi za watu. Na Mama, ukienda kaburini Ijumaa, mfikishie salamu zangu, na umwambie bustani zake zinalisha mji.

Chaja nimeifunga pamoja na halua, endapo ile yako imekufa. Riziki anajua kuiwasha simu, mwachie aiwashe.

Nami sina la ziada ila hili. Maisha yangu yote sijaona mtu amebisha hodi nyumbani kwako ukamwacha nje. Sasa yuko mmoja mlangoni, anakuuliza, na nyuma yake niko mimi. Tuitikie, Baba.

Ni mimi binti yako,
Mwanahamisi