Jogoo Uliyesema Ameungua

Mama yangu,

Hodi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua haianzi na shida, inaanza na salamu, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Shikamoo, Mama. Ni mimi, Rozi wako. Siku hizi umri wangu umepita ule uliokuwa nao tulipokuzika, na nikikuota naona haya, maana wewe unakuja ukiwa kijana na mimi ndiye mzee, halafu bado nakuamkia.

Leo ni mkesha wa Krismasi. Wajukuu zangu wameshanunuliwa kuku wawili, binti yangu anashughulika nao huko jikoni, nami nimekaa uani namenya muhogo. Wananicheka kila mwaka. "Bibi na muhogo wake!" Nawaacha wacheke. Sijawahi kuwaambia sababu, na nimeona si haki waijue wao kabla yako. Nilikudanganya, Mama. Nilikudanganya siku ya Krismasi, kule Wawi, Pemba, nikiwa na miaka kumi na moja, nawe ukaenda zako sijakuambia neno.

Unakumbuka Krismasi zetu? Mimi nazikumbuka mpaka harufu. Baba alikuwa amekuja Pemba kuchuma karafuu akakaa, akakuleta na wewe kutoka bara, na pale tulipoishi tulikuwa Wakristo peke yetu. Kanisa lilikuwa mbali na padri tulimwona kwa nadra. Basi ukaifanya sikukuu wewe mwenyewe, kwa vilivyokuwapo. Pango la Bethlehemu lilikuwa kifuu cha nazi. Mtoto Yesu alikuwa gunzi la hindi ulilolifunga kitambaa, na kitanda chake makonyo ya karafuu, yale mabua yanayobaki watu wakishachambua. Mwaka mmoja kuku wa jirani aliingia akamdonoa Mtoto Yesu, nami nikalia, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Ulifua kanga yako moja nzuri ukaitundika ukutani, nyumba ikawa imevaa. Gauni langu la sikukuu lilitoka kwenye gauni lako la zamani, na ulikuwa na namna ya kulikunja ile sehemu iliyochakaa isionekane. Sikujua kwamba sisi ni maskini. Haki ya Mungu, sikujua mpaka tulipohamia mjini.

Na baada ya kula, lile sharti lako. Kila mtu ataje kitu kimoja anachomshukuru Mungu, kisiwe cha kuliwa. Baba alikuwa anasumbuka kwelikweli. Alikuwa anakuna kichwa, anatazama dari la makuti, mwisho anasema, "Nashukuru paa halikuvuja." Ulikuwa unamwambia paa ni lile lile la mwaka jana, atafute jingine.

Bi Mize naye alikuwa akija kila Krismasi. Shamba lake la muhogo lilipakana na letu, na katika Pemba nzima yeye ndiye aliyekuwa ndugu yako. Ulimwuguza alipojifungua, naye akakufundisha kupika vya kwao. Idi ikifika sahani yetu ilitangulia kuja kabla ya za shangazi zake. Krismasi ikifika ilikuwa zamu yako, na wewe uliipanga zamu hiyo mwaka mzima kwa kumfuga jogoo mmoja. Hauzwi, haguswi, hata Baba akiumwa. Asubuhi ya sikukuu jogoo anapelekwa kwa Mzee Faki, mume wa Bi Mize, akachinjwe na Mwislamu kwa kisomo chao. Hapo wao wanaweza kumla na sisi tunaweza kumla, na chungu kinakuwa kimoja. "Sitaki sikukuu ya vyungu viwili," ulikuwa unasema.

Halafu ikaja siasa. Hukupenda hata kulitaja neno lenyewe. Watu waliozikana miaka yote wakaacha kuzikana. Duka hili ni la hawa, duka lile ni la wale. Wabara wakaanza kuulizwa wamekuja lini na wataondoka lini. Mzee Faki alikuwa upande mmoja na Baba upande wa pili, na ule mwezi wa mwisho wa mwaka walikuwa wakipishana njiani kila mmoja akitazama majani. Baba akakwambia, "Mwaka huu tule wenyewe. Tusiende kujidhalilisha."

Ulikuwa unapepeta mchele. Hukuinua hata uso. "Jogoo atakwenda kwa Mzee Faki. Akikataa, atakataa yeye. Mimi sitamkatalia kabla hajakataa."

Ukanituma mimi. Ukamfunga jogoo miguu, ukanikabidhi na maneno ya kusema: Mama anakusalimu, anaomba umchinjie wa sikukuu, na mchana mnangojwa. Nikaenda nikiyarudia njiani nisiyasahau.

Nilipofika, barazani kwa Mzee Faki palikuwa na wanaume watano au sita. Mmoja wao akaniona na jogoo wangu akasema, "Je, huyo jogoo wa kibara naye kajiandikisha kura?" Wakaangua kicheko. Mwingine akaniuliza jogoo kazaliwa wapi, ana cheti? Mzee Faki alikuwa amekaa katikati yao. Hakucheka. Lakini hakusema kitu pia, na mimi, mtoto mimi, nikaona kunyamaza kwake ndiko kukataa kwenyewe. Nikageuka. Nikasikia mtu ananiita nyuma, nikakimbia.

Sasa ningerudi vipi kwako na jogoo mzima? Ndicho kitu pekee nilichokifikiria. Niliuona uso wako utakavyokuwa nikikwambia Mzee Faki kakataa. Nikazunguka nyuma ya banda, ambako Baba alikuwa akichomeka kisu chake makutini, nikakichukua, nikamlalia jogoo wa watu. Lo, Mama! Sikujua kuchinja. Nilimkata mara tatu au nne, huku nikimwomba radhi. Nikajifuta damu kwa majani, nikaja kwako.

"Mzee Faki mwenyewe kachinja?"

"Ndiyo, Mama. Mwenyewe."

"Kasemaje?"

"Kasema nikusalimie. Kasema watakuja."

Ona uongo unavyozaa! Ukammwagia jogoo maji ya moto, ukaanza kumnyonyoa, unaimba chini chini. Ulipofika shingoni, wimbo ukakatika. Uliitazama ile shingo, ukaigeuza, ukaitazama tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kata ya maji mkononi nikisubiri dunia iishe. Ulinawa mikono, ukajitanda kanga, ukasema, "Nakwenda kwa Bi Mize kuomba chumvi."

Chumvi ilikuwa imejaa chunguni, Mama. Niliiona.

Mchana Bi Mize akaja, na mkate wa kumimina chini ya kawa. Na nyuma yake, mbele ya macho ya jirani wote, Mzee Faki, na kanzu safi. Baba alisimama asijue aweke wapi mikono yake. Mzee Faki akatoa salamu, Baba akaitikia, wakabaki wamesimama hivyo mpaka Bi Mize aliposema, "Kaeni basi, au mnangoja kualikwa na serikali?"

Wakakaa. Na mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni. Nilijua kwamba chungu kitafunuliwa, Bi Mize atanyoosha mkono wake, atakula kitu kilichokatazwa kwake, na atakuwa amekula kwa sababu yangu. Nilitaka kusema. Mungu ni shahidi, mdomo niliufungua. Lakini Baba alikuwa pale, na nilijua Baba atakavyonifanya, mbele ya wageni, siku ya sikukuu.

Ndipo ulipotoka jikoni na sinia la muhogo wa nazi na papa mkavu, bila kuku, ukasema, "Jamani, nimewaita kwenye aibu. Kuku kaungua. Nilimwacha motoni nikaenda zangu kupiga soga, sasa ni mkaa mtupu. Tuleni muhogo."

Wewe! Wewe ambaye hukuwahi kuunguza hata uji. Na wewe uliyenichapa nikiwa na miaka sita kwa kusema sijala sukari. Mpaka siku ile sikuwahi kusikia uongo kinywani mwako. Bi Mize akapiga makofi. "Mama Rozi, upishi wote ule wa kujisifia, kumbe huna lolote! Ntakwenda kukutangaza mpaka mjini Chake." Akakucheka, nawe ukainamisha kichwa ukachekwa.

Tukala. Baba na Mzee Faki wakatia mikono katika sinia moja, mwanzo bila kusemeshana, halafu Mzee Faki akasema muhogo huu ni wa mbegu gani, na Baba hawezi kuulizwa habari za muhogo akanyamaza. Tukanywa chai ya mchaichai, tukala mkate na machungwa. Ukatoa lile sharti lako. Mzee Faki akasema anashukuru kwa majirani, akasema huku akitazama mkeka. Bi Mize akasema anashukuru kwamba muhogo umeiva, ukamwambia kashindwa, hicho ni cha kuliwa, akabisha kweli. Zamu yangu ilipofika nikasema nashukuru kwa gauni. Ukanitazama, ukasema, "Haya."

Na kesho yake ukatupikia mchuzi wa kuku. Alikuwa mweupe, laini, hana hata alama ya moto. Baba akashangaa, ukamwambia ulimkwangua ile sehemu iliyoungua. Ukaniwekea mimi paja. Hapo nikajua kwamba unajua. Nililila lile paja kwa machozi, nikasingizia pilipili.

Ningesema siku ile. Ningesema wiki ile. Nilikuwa naamka nasema leo, nakuona umeinama kwenye moto, nasema kesho. Halafu masika yakaingia, na homa, na ulipolala hukunyanyuka tena. Siku mbili kabla hujatutoka, mchana, mvua inanyesha, uliniita nikukande miguu. Ukaniuliza, "Rozi, una neno la kuniambia?"

Nikasema, "Sina, Mama."

"Hata dogo?"

"Sina."

Ukasema sawa, ukaniambia nikafunike unga usinyeshewe. Nimeishi na unga ule mpaka leo.

Baba aliambiwa aondoke shambani mwaka uliofuata, tukavuka kwenda Tanga. Miaka mingi baadaye, nimeshazaa, nikarudi Wawi kutafuta kaburi lako. Bi Mize alikuwa hai, macho yake hayaoni vizuri, lakini aliponishika mkono akanijua. Alikuwa akilifyekea kaburi lako, Mama, miaka yote ile, na msalaba wako wa mti ulipooza akaweka mwingine. Akaniambia, "Sijui namna yenu ya kuuweka, lakini nkasema heri uwe upande kuliko usiwepo." Nikamwambia kwamba kuna jambo la jogoo. Akanizuia kwa mkono.

"Mwanangu we, nnajua. Mamako alinijia asubuhi ile ile kwa mlango wa uani. Akanambia, Rozi kaogopa watu, kachinja mwenyewe, nyama hiyo si yenu, lakini njooni. Njooni mle muhogo, na msimuulize mtoto, babake asije akampiga. Ataniambia mwenyewe akiwa tayari."

Kwa hiyo wote mlikuwa mnaigiza, isipokuwa Baba, kwa ajili yangu. Na akaniambia jingine, ambalo afadhali asingesema. Mzee Faki alikuwa amekinoa kisu tangu alfajiri. Alikaa nacho pale barazani chini ya paja, anangoja jogoo wako aje, amchinje mbele ya wale wanaume waone. Yule aliyeniita nyuma wakati nakimbia alikuwa yeye.

Nalia, Mama, na mtu mzima kulia juu ya muhogo si kitu kizuri. Binti yangu amechungulia nikamwambia ni moshi. Unaona? Bado nasema uongo wa jikoni.

Kesho tukimaliza kula nitatoa sharti lako, kama kila mwaka. Wajukuu watataja simu zao na mipira yao. Mimi kila mwaka nimekuwa nikisema nashukuru kwa gauni, nao wanadhani ni mzaha wa bibi. Kesho nitawaambia juu ya mwanamke aliyekubali kuchekwa kwa upishi ambao hakuuharibu.

Lakini kwanza wewe. Uliniuliza kama nina neno. Ninalo, Mama. Mzee Faki hakumchinja yule jogoo. Nilimchinja mimi. Niliogopa, nikakudanganya, na nilitaka kukwambia kila siku uliyokuwa hai.

Unga niliufunika.

Mwanao,
Rozi